Shuka za Usiku Mmoja

Asubuhi ile redio ya chumba cha kufulia ilitangaza kwamba wageni kutoka nje wameongezeka tena. Mtangazaji aliisoma habari hiyo kwa sauti ya mtu anayetangaza bao. Alisema mwaka huu rekodi imevunjwa, viwanja vya ndege vimefurika, na mkubwa fulani ametamka kwamba sasa dunia imetufahamu. Mama mdogo wangu alikuwa ameinamia lundo la shuka lililomfika kiunoni. Hakuinua kichwa.

"Hao nawajua," alisema. "Nimewafua wote."

Wenzake wawili waliokuwa wakisuuza foronya walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nimeshuka kutoka mapokezi na habari mbaya mdomoni.

"Mama mdogo, basi halifiki jioni tena. Linafika mchana."

"Mchana upi?"

"Huu huu."

Aliinuka taratibu, mkono kiunoni. Akaitazama mashine ya kukaushia iliyokufa jana yake, mlango umeachama kama mdomo wa mtu aliyeduwaa. Akatazama dirishani. Mvua ilikuwa inashuka bila haraka, mvua ya kutwa, na kamba zote za uani zilikuwa zinachuruzika maji.

"Kamwambie dereva apotee njia," alisema.

Hotelini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mama Kanji, kwa sababu hajawahi kuonekana na kola iliyolala. Alianza kazi pale mimi sijazaliwa, na mimi mwenyewe niliipata kazi ya mapokezi kwa sababu alimfuata meneja ofisini akamwambia, "Mtoto wa dada yangu ana cheti cha utalii kinaota ukungu kabatini, mpe kiti." Nampenda kama mama yangu mzazi. Nasema mapema ili msomaji asidhani naandika habari hizi kwa utulivu.

Hoteli yetu ni ya zamani, ghorofa tatu, na kila chumba kina bafu lile refu la kulala ndani. Mabafu hayo yalijengwa wakati mgeni akija anakaa. Mama mdogo husimulia habari za wakati huo akinyoosha nguo, na pasi yake hupunguza mwendo. Mgeni alikaa wiki, wengine wiki mbili. Shuka zilibadilishwa kila baada ya siku kadhaa, zikapata nafasi ya kulowekwa, kutiwa kanji na kukaa juani mpaka zikanukia jua. Mgeni alipata muda wa kukatikiwa na kiatu, akampelekea fundi pale getini. Alishonewa shati na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Alikodi teksi, akala nje, akajifunza kusalimia na kukosea. Mtu mmoja wa namna hiyo alikuwa analisha nusu ya mtaa bila kujua.

Siku hizi wanakuja kwa basi. Wamelipia kila kitu kwao, kwa wakala ambaye hatujawahi kumwona sura. Wanafika jioni, wanakula kilichomo kwenye mkataba, wanalala, alfajiri wameondoka. Hata maji ya kunywa wanashuka nayo. Fundi viatu alihama zamani. Mahali alipokaa pamebaki kigogo tu. Kesho yake linakuja basi jingine na vichwa vingine, na kila kichwa kinahesabiwa mpakani na kupelekwa redioni. Kitanda kilekile kilichokuwa kinavuliwa shuka mara mbili kwa wiki, sasa kinavuliwa kila asubuhi. Wageni wameongezeka, kazi imeongezeka, hela iliyobaki mtaani imepungua. Halafu tunapigiwa ngoma redioni!

Chuoni tulifundishwa kwamba idadi ya wageni peke yake haisemi kitu mpaka uulize wamelala siku ngapi na wametumia nini. Meneja wetu alisoma chuo hichohicho miaka michache kabla yangu. Anajua. Ndicho kinachonichemsha damu: anajua, na wakala akimpigia simu kumwambia hoteli ya jirani imeshusha bei, na yeye anashusha.

Meneja alitukuta bado tumesimama. Ni kijana mwembamba, hana ubaya usoni. Nyuma yake alikuja Kipaza, mfagizi wa vyumba, aliyepewa jina hilo kwa sababu siri ikiingia sikioni mwake inatokea mtaa wa pili. Siku hiyo Kipaza alikuwa kimya, ameshika chupa ya kupulizia maji na anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Mama, leo hatufui," meneja alisema.

"Hatufui nini?"

"Shuka. Hakuna muda na hakuna pa kukaushia. Hizi za chini rudisheni juu. Zimelaliwa usiku mmoja tu, ziko safi. Kipaza ataziamsha."

"Ataziamsha? Kwani zimesinzia?"

Hapo ndipo tulipolijua neno hilo. Kuamsha shuka ni kuitandika tena baada ya mgeni kuondoka, kuipulizia maji yenye manukato, kuipitishia pasi ya moto palepale kitandani na kuvuta pembe zikakaza. Ukiingia unaona kitanda kinang'aa. Unalala kwenye jasho la mtu usiyemjua, lililonyooshwa vizuri.

Mama mdogo alimgeukia Kipaza. "Umeshawahi kufanya hivyo?"

"Bi mkubwa, mimi ni mtu wa kutumwa."

"Nimekuuliza umeshafanya?"

"Ghorofa ya juu," Kipaza alisema kwa sauti ndogo. "Wiki iliyopita. Vyumba vichache."

Wale wanawake wawili waliacha kusuuza. Nilimwona mama mdogo akifuta mikono kwenye aproni, kidole kimojakimoja. Kuna watu walikuwa wamelala humo wakiamini amewafulia.

"Siwezi," alisema.

Meneja alivuta pumzi kama aliyekuwa anangoja neno hilohilo. "Mama, nakuheshimu. Lakini kuna kampuni ya dobi kule barabara kuu, wana mashine kubwa, wameshaniletea bei. Ukinikatalia leo, kesho wanakuja kuchukua hizi shuka, na wewe utakuwa umeondoka kwa kukaidi amri. Anayeondoka hivyo unajua hapewi kiinua mgongo."

Mama mdogo alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alikuwa amejenga nyumba, kidogokidogo, tofali kwa tofali, ikafika kwenye lenta ikasimama. Kiinua mgongo ndicho kilichokuwa kiwe paa. Kila mtu pale alilijua hilo, na meneja alilijua kuliko wote, maana alishawahi kualikwa kwenda kuiona.

Damu ikanipanda. "Mimi nitawaambia wageni pale kaunta," nilisema. "Mmoja mmoja. Nitawaambia wanalazwa kwenye nini!"

"Wewe funga mdomo," mama mdogo alinikatiza bila kunitazama. "Ukifukuzwa na wewe, nani atanishikia upande wa pili wa shuka?" Kisha akamgeukia meneja. "Mwanangu, unachotaka ni vitanda viwe tayari basi likifika?"

"Ndiyo."

"Vitakuwa tayari."

"Kwa njia gani?"

"Umeniambia unaniheshimu. Basi toka hapo mlangoni, unanizibia njia."

Akapanda ngazi na furushi kichwani, akaingia chumba cha kwanza, akafungulia maji kwenye lile bafu refu ambalo mgeni wa usiku mmoja hana muda nalo. Akamimina sabuni. Akakunja kanga yake magotini, akaingia na miguu yote miwili na kuanza kukanyaga.

Wenzake walielewa kabla yangu. Chumba cha pili, cha tatu, mabafu yakajaa. Mashine ya kufulia kule chini ilipewa taulo na foronya, miguu ikapewa shuka.

"Kipaza, vua viatu," mama mdogo aliita.

"Bi mkubwa, miguu yangu mimi..."

"Ndiyo maana kuna sabuni. Anza na hiyo kwanza, halafu shuka."

Kipaza alivua, akanawa mpaka magotini huku akisimangwa, akaingia. Alikanyaga kama mtu anayekimbia nyoka. Kukamua tulikamua wawiliwawili, mmoja huku na mwingine kule, tukaisokota shuka ikawa kama kamba ya nanga. Kisha tukaiviringisha ndani ya blanketi kavu na kuikalia, blanketi likanywa maji, na ikatoka kwenda kwenye pasi ikiwa na unyevu kidogo. Pasi zilikuwa kila ghorofa, zinafuka mvuke. Aliyezishika hakuruhusiwa kupumzika. Mama mdogo alipita kwa kila mmoja, anainua pembe ya shuka anainusa, anaipitisha au anairudisha. Alirudisha yangu mara mbili.

"Hii bado ina mtu ndani," alisema.

Meneja alikuwa akipanda na kushuka ngazi, simu sikioni. Uso wake ulikuwa unafanya hesabu. Ghorofa ya chini ilikamilika, ya kati ikafuatia. Ya juu ilikuwa katikati niliposikia breki za basi nje na honi ndefu.

Nilikimbia mapokezi nikiwa na mapovu kwenye viwiko. Sijawahi kufanya kazi polepole kama nilivyofanya mchana ule. Kila pasi ya kusafiria niliisoma kama barua ya posa. Nilimuuliza kila mgeni habari za safari, habari za kwao, kama mvua ya kwao inafanana na hii. Niliwagawia sharubati ambayo haikuwemo kwenye mkataba. Mwongozaji wao alinisogelea.

"Kaka, kwani funguo zenu mnazichonga hapohapo?"

"Hawa wazee wetu wa mbali nataka niwachagulie vyumba vizuri."

"Wachagulie upesi. Kuna mama amesimama kwa fimbo pale tangu tuingie."

Kabla sijajibu meneja alikuja nyuma yangu, akafungua droo mwenyewe, akatoa funguo za ghorofa ya juu na kuanza kuzigawa. Yule bibi mwenye fimbo alipewa ufunguo wa chumba cha mwisho, mwisho kabisa wa ujia. Meneja akamshika mkono kumsindikiza. Alipopita alinitazama, nikajua kuna kitu.

Nilipanda kwa ngazi za nyuma, mbilimbili. Nilipofika, mlango ulikuwa wazi na Kipaza alikuwa ameinama juu ya kitanda cha chumba kile, pasi mkononi, anaiamsha shuka ya jana. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Ameniambia ama hii ama kazi," alisema. "Nina watoto, ndugu yangu."

Mama mdogo alitokea nyuma yangu, maji yanamchuruzika miguuni, shuka mbili zikiwa zimekunjwa kwenye mikono yake kama mtoto mchanga. Wakati huohuo fimbo ya yule bibi ikagonga sakafu ya ujia, tak, tak, na sauti ya meneja ikawa inasema karibu sana, karibu sana. Wakafika mlangoni. Tukawa tumesimama sote: Kipaza na pasi, mimi na pumzi juujuu, bibi, meneja ambaye tabasamu lilikuwa limemgandia, na kitanda kilichonyooka kinang'aa katikati yetu.

Mama mdogo angeweza kuondoka na shuka zake. Kitanda kilikuwa kizuri, bibi asingejua, na nyumba ingepata paa. Nilimwona mama mdogo akikitazama kitanda kile, na kwa mara ya kwanza siku ile niliogopa kwamba atanyamaza.

Aliweka shuka safi kwenye kiti. Akashika pembe ya ile ya kitandani, akaivuta yote kwa mkupuo mmoja, ikaanguka chini.

"Mwambie mgeni shuka zake hizi hapa," aliniambia. "Bado zina joto la pasi. Anivumilie nitandike."

Nilimwambia. Bibi aliitazama shuka iliyo chini, akamtazama mama mdogo miguu mitupu, akaegemeza fimbo ukutani. Kisha akashika upande wa pili wa shuka safi, akaanza kuuchomeka chini ya godoro. Walitandika pamoja. Walipomaliza, bibi alinyoosha kidole sakafuni akaniuliza ile ni ya nini.

Ulimi wangu ulikuwa umeshajaa maneno, na meneja aliyaona yamejaa. Alikuwa amepauka.

"Mwambie hiyo inakwenda kufuliwa," mama mdogo alisema. "Ndio ukweli."

Akaiokota, akatoka. Meneja alimfuata kwenye ujia na kumwambia maneno mawili tu: "Kesho usije."

Sikuenda kulala kwangu siku ile, nililala kwake, kwenye chumba chake cha kupanga kinachotazamana na nyumba yake isiyo na paa. Nilimwambia nitaandika gazetini, nitaacha kazi, nitasimama mbele ya basi. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Umemaliza?" aliuliza. "Basi kesho uende kazini. Mtu mmoja wa nyumba hii lazima awe na mshahara."

Nilikwenda. Alfajiri basi liliondoka, na shuka zote za hoteli zikarundikwa mlangoni. Gari la kampuni ya dobi lilikuja likiwa limeandikwa maandishi makubwa ubavuni. Kijana wao alipakia nusu ya lundo akipiga mluzi.

"Narudisha keshokutwa, bosi," alisema.

Meneja alidhani amesikia vibaya. "Keshokutwa gani? Nina basi leo."

"Ndivyo tunavyofanya kwa hoteli zote. Tunachukua leo, tunaleta keshokutwa. Kwani wewe huna seti ya kubadilishia?"

Hatukuwa nayo. Zamani kila kitanda kilikuwa na seti tatu: moja kitandani, moja kwa dobi, moja stoo. Zilizochakaa hazikununuliwa tena, maana bei ilikuwa inashuka kila msimu, na hakuna aliyehisi pengo kwa sababu kuna mtu kule chini alikuwa anazifua na kuzirudisha siku hiyohiyo. Meneja aliwauliza watu wa dobi bei. Hakuwauliza siku. Kwa mgeni wa wiki isingekuwa shida, lakini wageni wetu walikuwa wa usiku mmoja.

Alisimama pale mbele ya lundo, mvua inamnyeshea bega moja. "Shusha," alimwambia yule kijana. Kisha kwangu, bila kunitazama: "Kamlete mama yako mdogo."

Nilimkuta anakunywa chai mlangoni. Nilimpa ujumbe.

"Mwambie aje mwenyewe."

"Mama mdogo, basi liko njiani."

"Basi ni lake."

Alikuja. Viatu vyake vya ofisini vilikuwa vimemezwa na tope, na alisimama nje ya mlango kwa sababu hakukaribishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekosa. Rudi, tuyamalize."

"Tutayamaliza vipi? Mashine imekufa, seti ni moja, na watu wanakuja wamejaa. Leo nitakanyaga, kesho nitakanyaga, keshokutwa utamtuma Kipaza tena."

"Seti mpya siwezi kununua sasa. Wakala amenibana hadi kooni."

"Basi funga ghorofa ya juu."

Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nifunge? Mama, idadi ya wageni itapungua."

"Ipungue."

"Wakala atanipigia makelele!"

"Mpe namba yangu."

Meneja aliitazama nyumba iliyosimama kwenye lenta, maji ya mvua yanatuama ndani yake vyumba vyote. "Unajua nikifunga ghorofa moja naweza kuifunga hoteli? Na hicho kiinua mgongo kikaenda na maji?"

"Najua." Mama mdogo alishusha kikombe magotini. "Lakini sitaki kulala chini ya paa lililotokana na kumlaza mtu kwenye uchafu. Ningekuwa nanusa kila usiku."

Mwishowe meneja aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa mlango wa ghorofa ya juu, akanipa mimi.

"Usiuze chumba cha juu hata kimoja," alisema. "Mpaka mashine ipone na seti za pili zije."

Mama mdogo alimalizia chai yake, akasuuza kikombe, akakifunika. Ndipo akanyanyuka.

Seti za pili zimeanza kuja, chache kwa awamu, na mashine imepona. Ghorofa ya juu bado imefungwa, na ufunguo ninao mimi. Wakala alipiga makelele kweli, akapeleka nusu ya mabasi yake kwa jirani. Sijui kama hoteli itafika mwaka kesho, na lenta bado inanyeshewa. Sitawadanganya.

Juzi redio imetangaza tena. Wageni wameongezeka kupita mwaka jana, mtangazaji amefurahi kama kawaida yake. Mama mdogo alikuwa anachanganya kanji. Aliusogelea ule mlio, akainama kama anayezungumza na mtoto mkaidi.

"Walilala siku ngapi?" aliiuliza redio.

Redio ikaanza matangazo ya biashara. Akairudia kanji yake kabla haijaganda.